Mizinga Miwili: Enzi ya Mungu juu ya Nguvu za Binadamu katika Kisa cha Debora na Kisakale cha Liti wa Singida

Ikisiri

Makala hii inalinganisha masimulizi mawili yanayomweka mwanamke mbele ya jeshi lenye silaha bora kuliko zile za watu wake. La kwanza ni kisa cha Debora katika Waamuzi 4 na 5. La pili ni kisakale cha Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa mkoani Singida kwa kupambana na Wajerumani kwa kutumia nyuki. Usomaji uliozoeleka wa visa vya namna hii huona uthibitisho wa enzi ya Mungu katika ushindi wa mnyonge. Makala inadai kwamba usomaji huo unatosheleza nusu tu ya kila kisa. Katika maandiko ya Kiebrania, Mungu yuko juu ya nguvu za binadamu kwa sababu hakuna binadamu, awe mwenye nguvu au mnyonge, anayemiliki chombo cha ushindi. Hoja hiyo inawezesha kusoma pia kifo cha Liti, sehemu ambayo usomaji wa ushindi hushindwa kuieleza.

1.0 Utangulizi

Mtu anayefika mjini Singida leo hukutana na jina la Liti kwanza katika michezo. Uwanja mkubwa wa mpira wa mkoa, ambao awali ulijulikana kwa jina la Namfua, sasa unaitwa Uwanja wa Liti. Wapenzi wa kandanda wa Tanzania nzima hulitamka jina hilo bila kulazimika kumjua mwenye jina. Kwa wenyeji, hususan Wanyaturu ambao pia hujiita Warimi, jina hilo lina kisa chake. Liti alikuwa mganga. Wajerumani walipokuja kuitia nchi mkononi mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka iliyo karibu na vita vya Majimaji (1905–1907), aliwaongoza watu wake kuwapinga. Silaha yake inayotajwa kuliko zote ni nyuki: waliwashambulia askari, na askari wenye bunduki wakakimbia. Kisa humalizikia kwa kifo chake mikononi mwa Wajerumani.

Kisa hiki hakijaachwa bila kuandikwa. Marguerite Jellicoe, aliyefanya utafiti wa muda mrefu katika eneo la Wahi, alichapisha makala juu ya harakati za Wanyaturu za kuupinga utawala wa Kijerumani katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1969. Hata hivyo, Liti amechunguzwa zaidi kama suala la historia na anthropolojia. Kama suala la fasihi, hajapewa nafasi inayolingana na ile aliyopewa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka huohuo wa 1969, ilimfanya kuwa mhusika anayejulikana katika kila darasa la fasihi ya Kiswahili.

Makala hii inakichukua kisa cha Liti kama matini na kukiweka kando ya matini nyingine ambayo wasomaji wengi wa Singida wanaifahamu kwa karibu. Ukristo una mizizi mirefu mkoani humo. Walutheri wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Augustana kutoka Marekani wakaiendeleza kazi hiyo kuanzia miaka ya 1920, na Jimbo Katoliki la Singida liliundwa mwaka 1972. Kwa hiyo msomaji wa Singida anaweza kusikia kisa cha Debora kanisani na kisa cha Liti nyumbani, katika wiki moja. Swali linaloongoza makala ni hili: visa hivi viwili vinasema nini juu ya mwenye mamlaka ya mwisho pale nguvu za binadamu zinapoonekana kutozuilika?

2.0 Matini na Namna ya Kuzisoma

Katika mgawanyo wa tanzu za fasihi simulizi uliofanywa na Mulokozi (1989), kisa cha Liti kinaingia katika salua, yaani hadithi zenye kuchukuliwa kuwa za kihistoria, na hasa katika visakale. Kisakale huchanganya historia na mambo yanayozidi uwezo wa kawaida. Hivyo basi, si kazi ya mhakiki kuuliza kama nyuki walitii amri. Kazi yake ni kuuliza jamii ilisema nini juu ya nguvu ilipoamua kuwakumbuka nyuki kuliko mikuki.

Waamuzi 4 na 5 nazo ni matini mbili za tukio moja. Sura ya 4 ni nathari, na sura ya 5 ni wimbo ambao wataalamu wengi huuhesabu miongoni mwa tungo kongwe zaidi katika maandiko ya Kiebrania. Israeli imeonewa miaka 20 na Yabini mfalme wa Kanaani, ambaye jemadari wake Sisera ana magari 900 ya chuma. Debora, nabii na mwamuzi, anamwita Baraka mwana wa Abinoamu akusanye watu 10,000 wa Naftali na Zabuloni katika mlima Tabori. Jeshi la Sisera linafadhaishwa, Sisera anashuka garini na kukimbia kwa miguu, na Yaeli, mke wa Heberi Mkeni, anamuua hemani kwa kigingi.

Ulinganishi huu haudai kwamba kisa kimoja kimezaa kingine. Hakuna sababu ya kudhani hivyo, na kufanya hivyo kungemnyima Liti uhalisi wake. Kinachodaiwa ni kwamba mazingira ya kijamii ya visa hivi yanakaribiana kiasi cha kufanya tofauti zao zionekane waziwazi. Kitabu cha Waamuzi kinarudia kusema kwamba wakati huo Israeli haikuwa na mfalme. Wanyaturu kabla ya ukoloni hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote. Jamii ya namna hiyo haina jeshi la kudumu wala ghala la silaha. Inapovamiwa na dola, humtazama mtu ambaye neno lake linasikilizwa bila kiti cha enzi, naye katika visa vyote viwili ni mwanamke.

3.0 Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukosa jambo moja ambalo msikilizaji wa Kiebrania alilipata mara moja. Jina Debora maana yake ni nyuki. Baraka naye si baraka kwa maana ya Kiswahili: jina lake la Kiebrania lina maana ya umeme wa radi. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952, kwa kuyaandika majina haya kwa sauti tu, imeifunga taswira ya awali na kufungua nyingine isiyokuwamo. Msomaji husikia neema katika jina la Baraka, ilhali wimbo una mawingu yadondoshayo maji na mto unaofurika. Katika Kiebrania, nyuki na umeme wanatajwa kwa majina kabla ya vita kuanza, na wote wawili ni viumbe ambavyo mhunzi hawezi kuvifua.

Nyuki wa jina hili ana ndugu katika matini nyingine. Katika Kutoka 23:28, Kumbukumbu la Torati 7:20 na Yoshua 24:12, Mungu anatuma mavu mbele ya watu wake. Baadhi ya wafasiri huona kwamba neno la Kiebrania hapo lina maana ya hofu au pigo badala ya mdudu. Mjadala huo hauondoi uzito wa mpangilio wa matini. Aya inayotangulia mavu katika Kutoka 23 inasema juu ya kufadhaishwa kwa mataifa, na kitenzi chake cha Kiebrania ndicho kinachotumika katika Waamuzi 4:15 kueleza yaliyolipata jeshi la Sisera, na katika Kutoka 14:24 kueleza yaliyowapata Wamisri baharini. Gerhard von Rad, katika utafiti wake wa mwaka 1951 juu ya vita vitakatifu vya Israeli, aliona kwamba fadhaa hiyo ndiyo alama kuu ya masimulizi ya aina hii. Silaha za adui haziharibiwi. Moyo unaozishika ndio unaovunjika.

Hapa ndipo kisa cha Liti kinapopata nguvu yake ya kifasihi. Nyuki hamvunji mtu bunduki. Humlazimisha aitupe, kwa sababu bunduki haina pa kulenga. Shabaha, mpangilio wa safu na amri ya afisa, ambavyo ndivyo vinavyolifanya jeshi kuwa jeshi, vinakuwa bure mbele ya adui mdogo asiye na mwili mmoja. Sisera akishuka garini na kukimbia kwa miguu ni taswira hiyohiyo: jemadari wa magari 900 anarudishwa kuwa mtu mwenye miguu miwili.

Lugha ya Kiswahili inayo ushahidi wake katika jambo hili. Neno mzinga humaanisha gogo lililochimbwa ili nyuki wakae, na humaanisha pia silaha kubwa ya kurushia risasi za vita. Mfanano wa umbo ndio unaoziunganisha maana hizi mbili. Singida ni mkoa wa mizinga ya aina ya kwanza. Asali ya Manyoni na ya vichaka vya Itigi inajulikana sokoni mbali na mkoa, na wafugaji wa nyuki wanajua kwamba mwenye mzinga hamwamuru nyuki: hutundika mzinga, husubiri, na hurina kwa moshi na kwa adabu. Mwenye mzinga wa vita hupakia na kufyatua apendavyo. Tofauti hii ya namna ya kumiliki ndiyo kiini cha hoja ya makala hii, kwa sababu maandiko ya Kiebrania yanazihukumu nguvu za binadamu kwa kuangalia kama mwenye nguvu anajiona mmiliki au mpokeaji.

Mazingira ya nchi nayo yanasaidia kuuelewa wimbo wa Debora. Singida ina msimu mmoja wa mvua, na makorongo yake hukaa makavu sehemu kubwa ya mwaka kabla ya kujaa ghafla. Anayelijua bonde la Wembere wakati wa masika hahitaji maelezo marefu juu ya mto Kishoni unaolikokota jeshi, wala juu ya hali ya gurudumu la chuma katika udongo uliolowa. Huko Mkalama, Todd Sanders (2008) ameeleza jinsi utawala wa Waihanzu ulivyofungamana na mvua, na jinsi kazi ya kuileta ilivyohitaji mwanamume na mwanamke kwa pamoja. Katika jamii ya namna hiyo kauli kwamba mbingu zilipigana haisikiki kama pambo la mshairi. Inasikika kama maelezo ya mahali mamlaka yanapotoka.

4.0 Heshima Inayohama

Kama Waamuzi 4 ingekuwa kisa cha ushindi wa mnyonge tu, heshima ingemwendea Baraka, kisha ingetulia kwake. Matini haifanyi hivyo. Baraka anakataa kwenda bila Debora. Debora anakubali kufuatana naye, lakini anamtangazia kwamba safari hiyo haitampa fahari, kwa kuwa Sisera atatiwa mkononi mwa mwanamke. Msikilizaji anadhani mwanamke huyo ni Debora mwenyewe. Mwisho wa sura anagundua kwamba ni Yaeli, ambaye si Mwisraeli kwa ukoo na ambaye mumewe alikuwa na amani na Yabini. Heshima imemtoka jemadari, ikampita nabii, ikatua hemani kwa mwanamke wa pembeni.

Mbinu hii ya kuihamisha heshima ndiyo namna ya masimulizi ya kusema jambo la kiteolojia bila hotuba. Kila anapotokea mtu wa kuushika ushindi, ushindi unamponyoka. Wimbo wa sura ya 5 unaendeleza mbinu hiyo kwa kuzitaja nyota na mto kuwa wapiganaji, na kwa kueleza kwamba miongoni mwa watu 40,000 wa Israeli haikuonekana ngao wala mkuki.

Historia ya upokezi wa kisa inaonyesha jinsi binadamu wanavyolikataa somo hilo. Waraka kwa Waebrania 11:32, unapoorodhesha mashujaa wa imani, unamtaja Baraka na kuliacha jina la Debora. Kumbukumbu imemrudishia mwanamume heshima ambayo kisa kilimnyima. Kwa upande wa Singida, kumbukumbu ya hadharani imefanya kinyume: jina la mwanamke limewekwa juu ya uwanja. Hilo ni jambo la haki. Lakini mhakiki analazimika kuuliza kama heshima hiyo mpya inamwona Liti wa kisa chote, au inamwona yule wa siku ya nyuki peke yake.

Wimbo wa Debora una uaminifu mwingine ambao kumbukumbu ya Liti bado inauhitaji. Unawataja kwa majina wasiokuja vitani: Rubeni aliyebaki akijishauri, Gileadi aliyekaa ng'ambo ya Yordani, Dani na Asheri waliobaki pwani, na mji wa Merozi uliolaaniwa. Kisa cha Liti husimuliwa mara nyingi kama mgogoro wa Wanyaturu na Wajerumani, kana kwamba kila upande ulikuwa kitu kimoja. Ilhali jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na maafisa wachache wa Kizungu na askari wengi wa Kiafrika. Waliokimbia nyuki, kwa sehemu kubwa, walikuwa Waafrika waliovaa sare. Enzi ya Mungu juu ya nguvu za binadamu haiwezi kuelezwa kikamilifu ikiwa nguvu hizo zinapewa rangi moja na kabila moja. Nguvu hukodi mikono mahali popote inapoipata.

Aidha, wimbo unafanya jambo ambalo visakale vingi huliogopa. Unamfuata adui hadi nyumbani kwake na kumwonyesha mama wa Sisera dirishani, akisubiri magari yanayochelewa. Wanawake wenye hekima wanamtuliza kwa kumwambia kwamba wanaume wanagawana nyara, na nyara hizo ni pamoja na wasichana. Msomaji anamhurumia mama na papo hapo anashtushwa na kinachomfariji. Katika beti hizo chache dola inaonekana ilivyo: ina mama zake, na faraja ya mama zake imejengwa juu ya mabinti wa watu wengine.

5.0 Nyuki Asiye na Upande

Hadi hapa nyuki ameonekana kuwa rafiki wa mnyonge. Maandiko ya Kiebrania yenyewe yanaipinga faraja hiyo. Katika Isaya 7:18 Mungu anawapigia mluzi nzi wa Misri na nyuki wa Ashuru, nao wanakuja kuijaza nchi ya Yuda. Taswira iliyolibeba jina la mkombozi sasa imepewa dola kubwa na katili ya wakati huo. Isaya 10 inaeleza maana yake: Ashuru ni fimbo mkononi mwa Mungu, na kosa lake ni kujisifu kana kwamba shoka limemzidi anayelitumia kukatia. Hivyo dola inatumiwa na inahukumiwa katika sura moja. Kutumika kwake hakuifanyi kuwa na haki.

Historia ya Tanganyika inatoa mfano unaotisha wa jambo hili. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, lenye askari wapatao 8,000, lilishuka Tanga kupambana na kikosi cha von Lettow-Vorbeck kilichokuwa na takribani askari 1,000. Waingereza walishindwa vibaya. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yaliyosumbuliwa na risasi yaliwashambulia askari, na tukio hilo likapewa na Waingereza jina la Vita vya Nyuki. Walikuwapo walioamini kwamba Wajerumani waliwaandaa wadudu hao kama silaha. Miaka michache baada ya Liti, nyuki wakawa katika kumbukumbu ya upande mwingine, na faida ikaenda kwa utawala uleule alioupinga.

Anayeamini kwamba nyuki wa Singida walikuwa kidole cha Mungu anapaswa kueleza nyuki wa Tanga. Akishindwa, atakuwa na mungu wa ukoo anayejitokeza pale tu ushindi ni wa kwao. Isaya hakukwepa ugumu huo. Alikuwa tayari kuona mkono wa Mungu hata katika kushindwa kwa taifa lake, na kwa sababu hiyo sauti yake ilibaki na uzito baada ya Ashuru kuanguka. Habakuki naye, akiwatazama Wakaldayo, aliuchora mfano wa mvuvi anayeutolea sadaka wavu wake. Kinachoshutumiwa hapo ni ibada ya chombo. Ibada hiyo inaweza kufanywa na mwenye mzinga wa vita, na inaweza pia kufanywa na mwenye mzinga wa nyuki.

Tamthiliya ya Hussein inafikia eneo hilohilo kwa njia ya maji. Kinjeketile anatambua kwamba imani iliyowaunganisha watu imekuwa kubwa kuliko yeye aliyeitangaza, na kwamba watu wanaenda vitani wakitegemea maji badala ya umoja uliowapa nguvu. Mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua neno lake litavuka mipaka na vizazi. Liti hana tamthiliya ya kumpa nafasi ya kulisema au kulinyamazia jambo kama hilo. Kisakale chake kinamwonyesha akitenda, kisha akifa.

6.0 Megido Mbili

Kifo hicho ndicho kipimo cha usomaji wowote wa kisa hiki. Ikiwa nyuki ni uthibitisho kwamba Mungu alikuwa na Liti, kuuawa kwake kunathibitisha nini? Utawala wa Kijerumani uliendelea hadi Vita Kuu ya Kwanza, na baada yake ukaja wa Waingereza. Usomaji wa ushindi una njia mbili tu: kukiruka kifo, au kukubali kwamba Mungu alihamia upande wa bunduki.

Maandiko ya Kiebrania yanatoa njia ya tatu kwa kuliweka jina la mahali pamoja katika visa viwili. Waamuzi 5:19 inauweka ushindi wa Debora penye maji ya Megido. Katika 2 Wafalme 23:29, Megido hiyohiyo ni mahali ambapo mfalme Yosia anauawa na Farao Neko, mwaka 609 K.K. Yosia si mfalme mwovu. Aya chache kabla ya hapo mwandishi amemsifu kwamba hakuwahi kuwapo mfalme kama yeye katika kumrudia Mungu. Kisha anaripoti kifo chake kwa aya moja fupi, bila kutoa sababu. Baadaye mwandishi wa 2 Nyakati 35:22 aliona ulazima wa kutoa sababu: Yosia hakuyasikiliza maneno ya Neko yaliyotoka kwa Mungu. Kuwapo kwa maelezo hayo kunaonyesha jinsi ukimya wa kitabu cha Wafalme ulivyokuwa mzito kwa wasomaji wa kwanza wenyewe.

Waliokusanya maandiko haya waliziacha Megido zote mbili. Hawakuifuta ya pili ili kuilinda ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa vitabu hivi kwa mfululizo hawezi kuuona ushindi kuwa ushahidi wa mwisho wa haki, wala kushindwa kuwa ushahidi wa mwisho wa kuachwa. Enzi ya Mungu inabaki juu ya nguvu za binadamu kwa maana kali zaidi: nguvu hazina uwezo wa kutoa hukumu ya mwisho juu ya nani alikuwa na haki. Farao alimwua Yosia, lakini hakuandika sifa zake.

Kisa cha Liti kinasomeka vyema kati ya Megido hizi mbili. Siku ya nyuki inasema kwamba bunduki si Mungu. Siku ya kifo chake inasema kwamba nyuki nao si Mungu. Kinachobaki baada ya siku zote mbili ni kwamba waliomuua hawakupata neno la mwisho juu yake. Watu wa Singida wamelitunza jina lake kupitia tawala mbili za kigeni na zaidi ya miongo sita ya uhuru, bila kumdanganya msikilizaji kwamba alishinda vita. Uaminifu huo wa kisakale ndio thamani yake kubwa, na ndio unaopotea kila kisa kinapokatwa pale askari wanapokimbia.

7.0 Nabii na Mganga

Linabaki suala ambalo ulinganishi huu hauwezi kulifunika. Debora ni nabii wa Mungu wa Israeli, na Liti ni mganga. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza wazi kazi ya uaguzi na uganga wa aina nyingi. Msomaji Mkristo wa Singida anayemheshimu Debora anaweza kuona haya kumheshimu Liti, au anaweza kuikwepa haya hiyo kwa kumbatiza baada ya kufa, yaani kumfanya awe Debora wa Kinyaturu.

Njia zote mbili zinamkosea. Kumtupa ni kusahau kwamba maandiko haya yanayakubali matendo ya watu walio nje ya agano. Yaeli hakuwa Mwisraeli, na wimbo unamsifu kuliko wanawake wote wa hemani. Katika Isaya 45 Koreshi mfalme wa Uajemi anaitwa masihi wa Mungu, ilhali matini hiyohiyo inasema kwamba hakumjua. Kumbatiza nako ni kumnyang'anya maneno yake mwenyewe na ulimwengu wake, jambo ambalo wakoloni walilianza. Mwenye kuamini kwamba Mungu ana enzi juu ya nguvu zote hana haja ya kubadili dini ya Liti ili kukiri kwamba alisimama mahali pa haki. Anahitaji tu kukubali kwamba uhuru wa Mungu wa kutumia amtakaye ni mpana kuliko mipaka ya kanisa lake, na kwamba kukubali huko hakumlazimishi kuuchukua uganga kuwa imani yake.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kisa cha Debora na kisakale cha Liti vinafanana katika taswira ya nyuki, katika nafasi ya mwanamke na katika fadhaa ya jeshi lenye silaha. Imeonyesha pia kwamba taswira hiyo haikai upande mmoja katika maandiko ya Kiebrania, wala haikukaa upande mmoja katika historia ya Tanganyika. Kwa hiyo enzi ya Mungu haiwezi kusimama juu ya nyuki. Inaonekana katika kuhama kwa heshima, katika hukumu ya dola inayojiona mmiliki, na katika ujasiri wa matini kuyaweka Megido mawili ndani ya mkusanyiko mmoja.

Kwa watafiti wa fasihi simulizi mkoani Singida, hitimisho hili lina matumizi. Ukusanyaji wa masimulizi ya Liti usiishie kwenye nyuki. Wasimulizi waulizwe juu ya waliokataa kumfuata, juu ya askari Waafrika na mahali walikotoka, na juu ya siku zilizofuata kifo chake. Wimbo wa Debora uliwataja waliobaki nyumbani na mama aliyesubiri dirishani, na haukupoteza sifa zake kwa kufanya hivyo. Kisakale cha Liti nacho kina nguvu ya kutosha kuubeba ukweli wake wote.